Hadithi yangu imekataliwa kwa mara ya saba, naombeni ushauri

KalamuMbichi:
Wakuu, habari zenu. Huu ni mwaka wa nne naandika hadithi fupi. Jana usiku nimepata jibu la saba, nalo ni hapana. Hii imeniuma kuliko zote kwa sababu walikaa nayo miezi mitano, nikajipa moyo kwamba wanaijadili. Wameandika hivi: "Asante kwa hadithi yako. Hatutaweza kuichapisha safari hii. Yule bibi tumempenda sana, ila mwisho umetuacha njiani. Ukiwa na nyingine, tuletee." Tangu jana sijagusa kalamu. Niache tu?

MpendaRiwaya:
Pole sana ndugu. Stephen King, yule mwandishi maarufu wa riwaya wa Marekani, tangu utotoni alikuwa akichomeka barua za kukataliwa kwenye msumari ukutani, mpaka msumari ukaelemewa, akapigilia mkubwa zaidi. Wewe saba tu unakata tamaa?

MamaWawili:
MpendaRiwaya, nia yako njema, lakini aliyeumia jana habari za King hazimtulizi leo. Mdogo wangu, lia kwanza. Mimi hujipa siku tatu: sifungui ile kazi, wala simjibu mhariri. Niliwahi kumjibu mmoja kwa hasira, najuta mpaka leo.

MsomaMiswada:
Nimefanya kazi ya kusoma miswada ya watu miaka sita. Hebu irudie barua yako polepole. Jibu la kawaida ni moja kwa wote, linabadilishwa jina tu: asante, haiendani na mahitaji yetu, kila la heri. Rundo likiwa mezani, hakuna mwenye nafasi ya kumtaja bibi wa mtu. Huyu aliyekuandikia amesoma hadi mwisho, akakuonyesha palipovunjika. Na hilo "tuletee" usilichukulie kama adabu tu. Mhariri aliyeelemewa haombi kuongezewa kazi asiyoitaka.

Wapelekee hadithi nyingine. Hii irekebishe uitume kwingine, usiwarudishie wenyewe kama hawajaiomba. Halafu uwe na daftari: hadithi gani, imeenda wapi, lini, wamejibu nini. Zikiwa tatu njiani kwa wakati mmoja, hapana moja haikulazi chini.

Huo mwisho ukoje?

KalamuMbichi:
Bibi anamsubiri mwanawe usiku kucha, anasikia hatua nje, anakwenda mlangoni. Halafu anaamka, kumbe alikuwa anaota.

MsomaMiswada:
Usimwamshe.

MamaWawili:
Jamani! Mimi nilishaanza kumsubiri huyo mtoto naye.

KalamuMbichi:
Dada, zile siku tatu zimenishinda, nisamehe. Nimeifungua usiku huu na kufuta aya mbili za mwisho. Sasa inaishia bibi akiwa mlangoni, taa mkono mmoja, mwingine umeshika komeo, na hatua za nje zimesimama. Sijajua kama imekaa sawa. Mkuu MsomaMiswada, nikikutumia ukurasa huo mmoja utanisomea?

MsomaMiswada:
Tuma.