Intaneti ya laini ya simu inakwama nyumbani, nianzie wapi?

Kansanga, Kampala:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za huko. Modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, ni ya kilobiti 56 kwa sekunde lakini ikiunganisha inaandika 24,000, yaani kilobiti 24 tu, na mvua ikinyesha inakatika kila mara. Barua pepe zenye picha kutoka Tanga ndizo zinazokwama zaidi. Nianzie wapi?

Ntinda:
Marahaba, mdogo wangu. Anza na waya kabla hujagusa kompyuta. Chomoa simu zote na modemu, kisha chomeka simu moja ya kawaida, isiyotumia umeme, kwenye soketi ya kwanza, pale waya wa nje unapoingia ndani. Bonyeza tarakimu moja tu ili mlio wa laini unyamaze, halafu sikiliza. Mkwaruzo ni maungio yaliyoingia maji au kutu, na kwa kuwa kwako mvua ndiyo inayokata, nadhani shida ni hiyo. Mvumo mzito ni waya wa simu uliopitishwa sambamba na wa umeme. Kelele ikisikika kwenye soketi hiyo, ita fundi wa kampuni ya simu. Isiposikika, kosa limo ndani: viungio vya kugawa laini, au waya bapa mrefu unaozunguka vyumba. Sogeza modemu karibu na soketi, waya uwe mfupi.

Kama jengo lenu lina ubao wake wa simu, yaani mtambo wa ndani wa kugawa laini, jua kwamba modemu haitavuka 33,600, hata ununue ya bei gani. Kilobiti 56 kamili usizitarajie. 40 hadi 45 ni laini nzuri sana.

Simu ikipigwa ukiwa hewani na unakatika, zima huduma ya kusubirisha simu. Kampuni itakupa namba ya kuizima. Iandike mbele ya namba ya kupiga, ukiitenganisha kwa mkato, maana mkato huifanya modemu itulie kama sekunde mbili.

Jinja:
Upande wa barua pepe, piga hesabu. Kwa kilobiti 40 unapata kilobaiti 5 kwa sekunde. Picha ya megabaiti 2 ikiambatishwa huvimba kwa theluthi hivi, yaani dakika 9 kwa picha moja! Waombe Tanga wapunguze picha ziwe 640 kwa 480, zitashuka hadi chini ya kilobaiti 100. Kwenye programu ya barua weka kikomo: inayozidi kilobaiti 50 ishuke kichwa tu, yaani mtumaji na mada, uamue mwenyewe. Andika majibu ukiwa umekata simu, kisha unganisha, tuma zote, kata.

Kwenye kivinjari zima picha. Kila picha ni ombi lake, na mawasiliano yakipitia satelaiti iliyo kilomita 36,000 juu, kama yetu kabla mkongo wa baharini, yaani waya wa intaneti chini ya bahari, haujatufikia 2009, kila ombi na jibu lake hula zaidi ya nusu sekunde. Modemu mpya haiondoi hilo. Masasisho ya Windows yazime yasijishushe yenyewe; yachukue kwenye kafe ya intaneti kwa flashi.

Entebbe:
Wapendwa, radi msiisahau, hasa sisi wa kando ya ziwa. Mawingu yakianza kunguruma chomoa waya wa umeme na wa simu, kwa maana modemu nyingi huuawa kupitia waya wa simu. Kifaa cha kuzuia mshtuko kiwe na matundu ya simu pia, na nyumba iwe na ethi, yaani waya wa umeme unaoingia ardhini. Bila ethi hakikulindi. Modemu ikidai haisikii mlio wa laini ilhali simu inausikia, jaribu kwanza amri ATX3 kwenye mipangilio ya ziada ili ipige bila kuusubiri. Ikikataa bado, huenda imeungua, nunua nyingine.