Binti yangu wa miaka 12 ndiye anayenitafsiria kliniki

MamaWatatu: Hamjambo wamama. Mimi ni Mkongo wa Fizi, watatu wote niliwazalia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Sasa niko Kentucky, Marekani, mimba ina wiki 26. Juzi nimepewa chupa ya maji ya rangi ya chungwa, matamu kushinda soda, ninywe yote halafu nikae saa nzima nitolewe damu. Ya nini? Na muuguzi akamwuliza binti yangu kama naumia nikikutana na baba yake. Mtoto akatazama viatu vyake. Nami nikanyamaza.

DadaBukavu: Pole sana, mama. Hiyo ni glukosi, gramu 50, wanapima kisukari cha mimba. Kwa kawaida ni kati ya wiki ya 24 na 28, si wewe tu. Ila mtoto asitafsiri tena! Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupa mkalimani bure, msingi wake ni sheria ya haki za kiraia ya 1964. Mwombe mapema, siku ile ile unapopanga miadi.

Furaha_K: Na usiitikie "ndiyo" kwa heshima tu. Mkalimani wangu wa simu, Mkenya, alisema "kondo la nyuma", nikaduwaa. Kwetu ni plasenta. Nikaitikia lingine nisilolielewa, kumbe nimekubali sindano ya mgongo.

MamaWatatu: Aksanti. Sukari iko sawa. Kesho napiga simu. Sasa siku ya uchungu nani atanishika kiuno? Mama mkwe bado yuko kambini.