Kidonge cha kamera kinachoongozwa kwa sumaku: je, mama asubiri?

Mjukuu wa Ukerewe:
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 61, ametakiwa kufanyiwa endoskopi, yaani kipimo cha kuingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni hadi tumboni, baada ya kutapika damu mara moja wiki iliyopita. Aliwahi kumezeshwa mpira huo zamani, akasumbuliwa na kichefuchefu hata akaapa kwamba hatarudia. Shemeji yangu, ambaye hufuata bidhaa Guangzhou, anasema kwamba huko mgonjwa humeza kidonge chenye kamera, kisha daktari hukigeuzageuza tumboni kwa sumaku iliyo nje ya mwili. Naomba kufahamishwa jinsi kinavyofanya kazi, na kama ni busara mama asubiri mpaka tupate njia ya kukifikia.

Fundi wa Vifaa Tiba:
Shemeji yako hajatia chumvi. Kidonge cha kamera cha kwanza kilibuniwa Israeli na mhandisi Gavriel Iddan na wenzake, kikaruhusiwa Marekani mwaka 2001, na sifa yake kubwa ilikuwa kuukagua utumbo mwembamba, kwa kuwa misuli ya utumbo huo hukisukuma mbele bila msaada wowote. Mfuko wa chakula ni mpana, kwa hiyo kidonge kisicho na usukani huangukia upande mmoja na kuacha sehemu nyingine bila kukaguliwa.

Hapo ndipo sumaku ilipohitajika. Ndani ya kidonge, chenye urefu wa milimita 27 hivi, huwekwa sumaku ndogo, na mgonjwa hulazwa chini ya mkono wa roboti uliobeba sumaku kubwa. Mkono ukisogea au ukigeuka, kidonge nacho hufuata. Mgonjwa hufunga kula tangu usiku, hupewa dawa ya kuondoa povu, kisha hunywa maji mengi, pengine kufikia lita moja, ili kuta za tumbo zitanuke. Nguvu ya sumaku hupungua upesi mno kadiri umbali unavyoongezeka, ndiyo maana mashine hiyo hukaribia kabisa mwili wa mgonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ambapo wagonjwa 350 katika vituo 7 vya China walipimwa kwa njia zote mbili, ulionyesha kwamba kidonge kiligundua takriban asilimia 90 ya kasoro za tumbo zilizoonekana kwa mpira. Marekani ilikiruhusu kidonge cha aina hii mwaka 2020.

Tabibu wa Kanda ya Ziwa:
Maelezo ya fundi ni sahihi, lakini mama asisubiri hata kidogo. Mtu wa visiwani akitapika damu, mimi hufikiria kwanza mishipa ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) iliyovimba kutokana na kichocho cha tumbo, kwa sababu mayai ya minyoo ya kichocho hukwama katika ini na kuizuia damu kupita, nayo hutafuta njia za pembeni. Mishipa hiyo hufungwa kwa vipete vidogo vya mpira kupitia endoskopi ileile inayoigundua. Kidonge huona tu: hakifungi mshipa, hakizuii kidonda kinachovuja, wala hakinyofoi kinyama cha kupeleka maabara. Tena umio hukipita kwa sekunde chache, ilhali huenda tatizo liko hapohapo. Kwa hiyo hata kikionyesha kasoro, mama atarudishwa kwenye mpira anaoukimbia. Akitapika damu tena, au choo kikiwa cheusi kama lami, mpelekeni hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane.

Mjukuu wa Ukerewe:
Nashukuru sana, daktari. Je, hofu yake ya mpira tuifanyeje?

Tabibu wa Kanda ya Ziwa:
Mwelezeni mpimaji mapema yaliyompata. Ipo dawa ya ganzi ya kupulizwa kooni, na mahali penye uangalizi mzuri hupewa pia sindano ya kumtia usingizi mwepesi. Wengi hawakumbuki hata mpira ulipoingia.

Fundi wa Vifaa Tiba:
Nakubaliana na daktari. Kwa wengine wanaokitamani kidonge hiki: aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo hafai, aliyeziba utumbo pia hafai, na aliyekimeza asiingie katika mashine ya MRI, ambayo hupiga picha za mwili kwa sumaku kali, mpaka ithibitike kwamba kimetoka.

Mjukuu wa Ukerewe:
Mama amekubali. Tunavuka kwa kivuko cha asubuhi kwenda Mwanza.