Faini ya kutokuja kuchimba kaburi: kikundi kimeuza msiba?

Kitukuu wa Rombo: Wadau, naomba msaada wa mawazo. Kikundi chetu cha kufa na kuzikana huku kijijini zamani hakikuwa na faini. Asiyekuja kuchimba alikutana na macho ya watu kesho yake kilabuni, basi. Mwaka juzi tukaweka elfu kumi. Wiki iliyopita tumezika mzee wetu mmoja, tuliofika na majembe tulikuwa sita, na ardhi ya kule bondeni ni mawe matupu. Katibu akafungua daftari: majina kumi na tisa yana alama ya "amelipa". Kumi na moja walilipa KABLA ya mazishi. Mmoja wao duka lake lilikuwa wazi, namwona nikiwa nimezama shimoni hadi kifuani, anapima sukari. Sasa tupandishe faini au tuifute?

Sururu: Wekeni laki. Mtu wa laki atakuja mbio na jembe la jirani.

Mama Wanne: Laki kwa mtu wa vibarua? Atajitoa kikundini, halafu akifa mtamwacha sebuleni? Kaka Sururu una hela eeh.

Sururu: Sina hela, nina mgongo. Mgongo wangu ndio unalipia duka la mtu lisifungwe.

Chaki Nyeupe: Hili jambo lilifanyiwa utafiti. Israel, nadhani Tel Aviv, wazazi walikuwa wanachelewa kuwachukua watoto chekechea. Wakawekewa faini, wakazidi kuchelewa. Faini ikafutwa, wakaendelea vilevile. Kwa hiyo mleta mada, ukiifuta leo usitegemee yale macho ya kilabuni yarudi kesho.

Daftari la Kijani: Haifa, mwalimu, siyo Tel Aviv. Gneezy na Rustichini, mwaka 2000. Chekechea 10, sita kati yake zikawekewa faini ya shekeli 10 kwa anayechelewa zaidi ya dakika kumi. Wachelewaji wakakaribia kuwa mara mbili. Mwalimu akikusubiri bure unaingia umeinamisha kichwa. Akikusubiri kwa shekeli 10 umemkodi, unaingia unaongea na simu. Huyo wa duka naye kawakodi nyinyi sita.

Abiria wa Mbezi: Msitujumlishe. Mimi niko Dar, kazi ya zamu. Msiba unatangazwa leo, kuzika keshokutwa, bosi hajui shangazi wa baba ni nani kwangu. Nikituma hela nimekosa utu? Bila hizo elfu kumi zetu turubai mngekodi kwa nini, kwa migongo?

Sururu: Nyie wa Dar tunawajua. Msiba mnatuma elfu kumi na "poleni wafiwa", Desemba mnapanda na magari ya kukodi, mnakunywa mbege na kuuliza mbona barabara bado mbovu.

Abiria wa Mbezi: Gari la kukodi??? Nani kakwambia la kukodi? Kadi ina jina langu, njoo Mbezi nikuoneshe.

Mama Wanne: Hata kama ni lako. Desemba iliyopita mbuzi aliisha saa nane na sufuria tuliosha sisi. Sijasema wewe, nasema nyie.

Abiria wa Mbezi: Mbuzi wa wapi? Maana mbuzi wa kwetu nilinunua mimi, na ngozi mkagawana bila kuniuliza.

Sururu: Unaona? Kila kitu "nilinunua mimi". Ndiyo maana hata kaburi unataka risiti.

Abiria wa Mbezi: Umeanza kunitukana sasa. Mada ilikuwa faini.

Pwani Tupu: Nawasoma kutoka Mombasa nacheka peke yangu. Kwetu mtu akifa alfajiri, adhuhuri ashazikwa. Huna hata nafasi ya kutuma hiyo faini. Labda ugonjwa wenu ni huko kungoja siku tatu, mtu anapata muda wa kupiga hesabu.

Daftari la Kijani: Mpwani kasema kitu. Ila tusiseme hela inaharibu watu kila mahali. 2019 ulitoka utafiti wa pochi zilizopotea: pochi zaidi ya 17,000, nchi 40, wanawaachia watu wa mapokezi kwenye mahoteli, benki, vituo vya polisi, kisha wanangoja kuona nani atamtafuta mwenyewe. Zisizo na hela zilitafutiwa wenyewe 40 kwa 100. Zenye hela, 51. Hela ilipoingia watu wakawa waaminifu zaidi, maana sasa kunyamaza kunaitwa wizi, na hakuna anayependa kujiona mwizi.

Sururu: Tanzania tulikuwemo?

Daftari la Kijani: Hapana. Kenya ndiyo ilikuwemo.

Sururu: Ya ngapi? 😀

Daftari la Kijani: Kundi la chini.

Pwani Tupu: Bila shaka pochi ziliachwa Nairobi.

Chaki Nyeupe: Tofauti naiona hapa. Kwenye pochi hakuna aliyekuwekea bei ya kunyamaza. Angetokea mtu akasema "ukikaa kimya unalipa elfu kumi, yameisha", tungeona. Futeni faini, asiyekuja apewe kazi: alishe wachimbaji kwa mikono yake, si kwa kutuma mtu.

Mama Wanne: "Kwa mikono yake" maana yake mke wake. Mwalimu umetuongezea kazi sisi.

Abiria wa Mbezi: Na gari si la kukodi.

Kitukuu wa Rombo: Jamani, narudi. Tangu asubuhi kuna msiba mwingine, upande wa juu. Katibu anasema wanne wameshalipa. Nami nimo, nina mgonjwa nyumbani, msinianze.

Sururu: Umelipa saa ngapi?