Naomba ushauri: Merrivale kwenye theluji na mtoto

Habari zenu wakuu. Naishi Plymouth, Uingereza, na Jumamosi nataka kumpeleka mwanangu wa miaka 10 Merrivale, kwenye nyika ya Dartmoor, tukaone safu za mawe zilizosimamishwa Zama za Bronzi, maelfu ya miaka iliyopita. Kiangazi nilikwenda peke yangu. Nilishika lile jiwe refu la karibu mita 3 nikabaki kimya kabisa. Natamani naye alishike.

Sasa theluji imeanguka. Mawe mengi ya safu zile ni mafupi, hayafiki hata magotini, na katikati yake unapita mfereji wa maji ambao naogopa utakuwa umefunikwa. Ukungu nao huko hushuka ghafla.

Mliowahi kutembea huko wakati wa theluji, ramani na dira vinatosha, au tusubiri iyeyuke? Na mtoto avae viatu gani?