Nikikaa kutulia, mawazo ndiyo yanazidi. Nakosea wapi?

Kichwa_Moto: Wakuu, salamu. Naomba ushauri kwa wanaoijua vizuri meditesheni ya kufuatilia pumzi. Nikifumba macho tu, mawazo yanakuja kwa fujo kuliko mwanzo. Pumzi nayo inakuwa nzito, kama imesahau kujiendesha. Zikipita dakika chache, ama nasinzia ama miguu inakufa ganzi. Nalenga nusu saa kila usiku, nikiwa kitandani. Shida iko wapi?

Mkekani: Mkuu, mawazo hayajaongezeka. Yalikuwepo, ila shughuli zilikuwa zinayafunika. Zoezi lenyewe ni hivi: unaiweka akili kwenye pumzi, inatoroka, unagundua imetoroka, unairudisha. Hapo kwenye kugundua ndipo penye kazi. Ukirudisha mara hamsini ndani ya dakika kumi, umefanya zoezi mara hamsini. Wengi huharibu hatua ya mwisho: badala ya kurudi kimya kimya, wanaanza kujisuta, na huko kujisuta nako ni wazo jipya.

Pumzi kuwa nzito maana yake unaiendesha. Chagua sehemu moja: tundu za pua, ambapo hewa huingia na ubaridi kidogo na kutoka ikiwa vuguvugu, au tumbo linapopanda na kushuka. Usihamehame. Ikija fupi, iache iwe fupi. Wanaovuta kwa nguvu na haraka hutoa kabonidayoksaidi nyingi kupita kiasi, ndiyo maana kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinachomachoma. Wakidhani ni dalili ya mafanikio, shauri yao.

Kwa kuanzia, hesabu kila unapotoa pumzi, 1 hadi 10, kisha rudi 1. Ukijikuta kwenye 17, ujue akili iliondoka zamani. Anza tena 1.

Nyayo: Kitandani usiku? Hapo umeuita usingizi mwenyewe. Hamishia asubuhi, ukishanawa uso. Dakika 5 wiki ya kwanza, halafu ongeza mbilimbili kila wiki. Weka kengele ya simu, kisha iache simu mbali, maana kuchungulia saa kunavunja kila kitu.

Kaa kwenye kiti, nyayo zote mbili sakafuni, usiegemee, makalio yawe juu kidogo kuliko magoti. Ukipenda chini, kalia mto mgumu wa sentimita 10 hadi 15. Makalio yakiwa chini sana, mgongo unapinda na uzito wote unabana miguu, ganzi inaanzia hapo. Ukisinzia, fungua macho nusu, yatazame sakafu kama mita moja na nusu mbele yako.

Kama kukaa kumekushinda kabisa, tembea. Tafuta njia ya hatua 10 hadi 15, nenda taratibu, simama, geuka, rudi. Fuatilia mguu mmoja mmoja: kuinuka, kusogea, kukanyaga. Usiangalie miguu, isikie. Kwa mtu mwenye wasiwasi mwilini, mimi ningemwanzisha hapa kabla ya pumzi.

Dawa_Chungu: Naongeza tahadhari, maana nyuzi za namna hii huwa zinasifia tu. Ikiwa kufumba macho kunaleta hofu kali, moyo kwenda mbio au picha za tukio baya la zamani, usikaze msuli. Fungua macho, achana na pumzi, peleka akili kwenye nyayo au sauti za nje. Likijirudia, muone mtaalamu wa afya ya akili.

Na dawa ulizoandikiwa usiziache kwa sababu ya hili. Jon Kabat-Zinn, Mmarekani aliyepeleka meditesheni hospitalini, alipoanzisha mpango wake huko Massachusetts mwaka 1979, wagonjwa waliuhudhuria sambamba na matibabu yao ya hospitali. Mpango mwingine wa meditesheni, wa wanasaikolojia Segal, Williams na Teasdale, ulitengenezwa kuzuia sonona isirudi kwa watu waliokwisha kupata nafuu. Aliye katikati ya sonona kali, kuachwa peke yake na mawazo yake nusu saa kunaweza kumzamisha zaidi.

Kichwa_Moto: Asanteni sana. Na lile wazo moja linalorudi lilelile, mfano deni au ugomvi wa kazini?

Mkekani: Lipe jina la neno moja, mara moja tu, kimoyomoyo: "kupanga", "hofu", "hasira". Usiingie kwenye habari yenyewe. Kisha tafuta limekaa wapi mwilini: taya limekaza? Koo? Mabega yamepanda? Kaa na hisia hiyo pumzi tatu au nne, bila kulazimisha ilegee, ndipo urudi kwenye kuhesabu.

Kama ni jambo la kweli linalodai hatua, liandike kengele ikishalia. Karatasi iwe mbali na mkono. Ikiwa karibu, kila wazo litajifanya la dharura.