Naomba ushauri: nusu uniti ya insulini ya paka naipimaje?

Habari wakuu. Paka dume, kilo 4.8, ana kisukari, yuko kwenye glargine U-100 (insulini ya muda mrefu, uniti 100 kwa ml), uniti 1 kila saa 12, akishakula. Sukari kabla ya sindano ni 17 mmol/L. Saa sita baadaye inashuka hadi 3.9 kwa mashine ya kupimia sukari ya binadamu, ambacho kwa paka husoma chini kidogo. Daktari wa mifugo kasema tushuke hadi nusu uniti. Tatizo ni bomba la sindano: hili la ml 1 lina alama za uniti mbilimbili, na kukisia ni kumuua. Kuzimua kwa maji haifai, glargine huharibika. Je, bomba la ml 0.3 lenye alama za nusu uniti linapatikana wapi Arusha au Moshi? La U-40 (la insulini ya uniti 40 kwa ml) msinielekeze, vipimo havilingani. Asali ya kumpaka kwenye fizi akilegea kwa sukari kushuka ipo.